Huruma kwa Mtoto, Besi kwa Sheria

Hotuba kwa waamuzi wapya wa besiboli, Tanga

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za tangu asubuhi. Vijana mliokaa huko nyuma dirishani, sogeeni mbele. Upepo wa bahari hauishi, mtaukuta tukimaliza.

Jana jioni tulipima uwanja pamoja. Kamba ya katani, vigingi, ndoo ya chokaa, na mabishano marefu juu ya mita 27.43 kutoka besi hadi besi, vile vituo vinne anavyovizunguka mkimbiaji. Kisha tukapima mita 18.44 kutoka kwa mrushaji hadi homu, besi anaposimama mpigaji na anaporudi mkimbiaji kufunga, na mmoja wenu akasema, "Mwalimu, mbona karibu hivi?" Sikumjibu jana kwa sababu nilitaka nimjibie hapa, mbele ya wote. Ndiyo, ni karibu. Mpira wenyewe una gramu 142 hadi 149, mgumu, umeshonwa kwa uzi mwekundu unaoacha alama kwenye ngozi. Mrushaji wa kulipwa akiuachia kwa kilomita 145 kwa saa, unamfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijatimia. Vijana wetu hawarushi kwa kasi hiyo, lakini wapigaji wetu nao wengi wameshika gongo mwaka jana tu. Watagongwa. Nanyi mtakuwa mmeinama nyuma ya mdakaji, mtasikia mshindo, mtaona mtoto anashika mkono, na uwanja mzima utawageukia. Nimekuja kuzungumza juu ya sekunde hizo chache.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa mechi ya shule mbili za hapa mkoani, sitazitaja. Iningi ya mwisho, yaani zamu ya mwisho ya kupiga, matokeo sare, besi zote tatu zina wakimbiaji, auti mbili: wawili wametolewa, wa tatu akitoka zamu imekwisha. Mpigaji ana straiki mbili, mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha, na ya tatu inamtoa. Mrushaji ni kijana wa miaka kumi na tano, mwembamba, kofia imemzidi kichwa. Akarusha mpira ulionyooka, usawa wa kiuno. Mpigaji alikuwa amejisogeza hadi kwenye mstari wa ndani, kiwiko chake kimening'inia juu ya homu. Hakupiga. Mpira ukamgonga kiwikoni, nikasikia mfupa. Akaachia gongo, akashika mkono, akalia kwa sauti. Upande wa miembe mama mmoja akapiga ukelele. Nami, kabla hata sijajiuliza mpira ulikuwa wapi ulipomgusa, kidole changu kilikuwa tayari kinaonyesha besi ya kwanza, yaani apewe bure kwa kuwa amegongwa. Besi zimejaa, kwa hiyo kila mkimbiaji akasogea moja, na wa besi ya tatu akatembea hadi homu, akafunga. Mechi ikaisha.

Yule mrushaji alibaki kwenye kilima. Wenzake wanatoka, yeye amesimama tu. Nilipopita karibu yake akaniuliza kwa adabu, mikono nyuma: "Mwalimu, ule mpira si ulikuwa straiki?"

Nikamwambia, "Mwenzako ameumia, mwanangu." Nikapita.

Sikilizeni jibu langu lile. Mtoto ameniuliza mpira ulipita wapi, mimi namjibu habari za maumivu. Alikuwa ameuliza swali la mwamuzi, nami nikamjibu kama mpita njia.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 5.05(b)(2) katika kanuni rasmi za besiboli kinasema kwamba mpigaji akiguswa na mpira ambao hakuwa anajaribu kuupiga, anapewa besi ya kwanza, ila katika mambo mawili: kama mpira ulikuwa ndani ya eneo la straiki, yaani juu ya homu, kati ya magoti na kifua, ulipomgusa, au kama hakufanya jitihada yoyote ya kuukwepa. Mpira uliomgusa ndani ya eneo la straiki ni straiki, hata kama alijitupa chini kuukimbia. Uliomgusa nje ya eneo hilo huku amesimama akiusubiri, ni boli, mpira mbaya wa mrushaji. Na kote huko mpira umekufa, yaani mchezo umesimama, mkimbiaji haongezi hata hatua moja. Hakuna mahali kifungu kinauliza kama ameumia. Hakuna mahali kinauliza kama amelia.

Kwa hiyo mpigaji wangu yule alikuwa auti. Straiki ya tatu, iningi imekwisha, matokeo bado sare. Mimi nikaimaliza mechi kwa huruma, na huruma ile ilimlipa mmoja kwa mali ya mwingine.

Najua mnavyojisemea moyoni: huyu ni mwalimu wa mkoani, kosa kama hilo wakubwa hawalifanyi. Tarehe 8 Aprili 2021, New York, timu ya Mets ilikuwa inacheza na timu ya Marlins. Mwisho wa iningi ya tisa, mbili kwa mbili, besi zote zina watu, auti moja. Mpigaji ni Michael Conforto, ana straiki mbili. Anthony Bass akarusha mpira uliopita ndani ya eneo la straiki, nao ukagusa kinga ya kiwiko cha Conforto, kiwiko kilichokuwa kimeingia njiani. Mwamuzi Ron Kulpa akaanza kuinua mkono kama anayeita straiki, kisha akabadilika, akampeleka Conforto besi ya kwanza. Mets wakashinda tatu kwa mbili. Wenzetu wale wana video za marudio, lakini mwaka ule video iliweza kusema tu kama mpira umemgusa mtu au haukumgusa. Kama ulikuwa ndani ya eneo la straiki, hilo lilibaki kwa jicho la Kulpa peke yake.

Nilipoisoma habari ile nilisimama na simu mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake. Lakini kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Baada ya mechi, siku ile ile, Kulpa aliwaambia waandishi kwamba alipaswa kumwita Conforto auti.

Mimi ilinichukua wiki tatu. Nilikwenda hadi shuleni kwa yule mrushaji, nikamkuta anapiga deki darasani, suruali imekunjwa hadi magotini. Nikamwambia: "Ule mpira ulikuwa straiki. Uliniuliza, sikukujibu. Nilikosea." Akaegemeza fagio ukutani, akaniangalia kidogo, akasema, "Asante, mwalimu." Akaendelea na deki. Matokeo hayakubadilika na hayatabadilika. Wazee husema kosa moja haliachi mke, na mimi bado ninasimama nyuma ya homu. Ila tangu siku hiyo sijaonyesha besi ya kwanza kabla sijajiambia kimoyomoyo mpira ulikuwa wapi.

Sasa hili la kukwepa, maana ndilo litakalowatoa jasho.

Wengi wenu mmetoka kwenye soka. Nani hapa hajakaa Mkwakwani akasikia jukwaa zima linadai penalti kwa sababu mpira umegusa mkono wa beki? Na nani hajasikia wazee waliokaa nyuma wakiuliza: mkono umefuata mpira, au mpira umefuata mkono? Swali hilo hilo libebeni mje nalo huku. Mpira ulimfuata mpigaji, au mpigaji aliufuata mpira? Aliyegeuza bega akauonyesha mgongo, amekwepa. Aliyerudisha nyonga nyuma, amekwepa, hata kama umempata. Aliyeshusha kiwiko taratibu kikaingia kwenye njia ya mpira, huku miguu haikutikisika, huyo amekwenda sokoni kununua besi kwa ngozi yake, nanyi msimuuzie.

Iko mechi moja ambayo kila mwamuzi wa mchezo huu anapaswa kuijua. Tarehe 31 Mei 1968, Los Angeles, Don Drysdale wa Dodgers anarusha dhidi ya Giants wa San Francisco. Amekwisha maliza mechi nne mfululizo bila kuruhusu hata mkimbiaji mmoja kufika homu, na hii ni ya tano. Iningi ya tisa, Dodgers wanaongoza tatu kwa bila. Besi zote zimejaa, hakuna auti hata moja. Mpigaji ni Dick Dietz. Mpira wa Drysdale ukamgonga mkononi. Akipewa besi, mkimbiaji wa tatu anaingia homu na mfululizo wote wa Drysdale unakatika hapo hapo. Mwamuzi Harry Wendelstedt akasema hapana: Dietz hakujaribu kukwepa. Akaita boli, akamrudisha apige. Giants walilalamika mno. Dietz akapiga mpira mfupi wa juu ukadakwa, waliomfuata nao wakatolewa, hakuingia mtu. Drysdale akaendelea hadi iningi 58 na theluthi mbili bila kufungwa, rekodi iliyosimama mpaka Orel Hershiser alipofikisha 59 mwaka 1988.

Watu hubishana hadi leo. Wapo wasemao Wendelstedt alimbeba Drysdale. Mimi nasema alifanya jambo ambalo waamuzi wengi hatulithubutu: alisoma sehemu ya pili ya kifungu mbele ya watu wanaopiga kelele, siku ambayo ilikuwa rahisi zaidi kunyoosha kidole besi ya kwanza. Kama alimsoma Dietz vizuri au vibaya, hilo ni lingine. Kifungu alikijua.

Na hapa niseme ninaloamini, nanyi mko huru kunipinga wakati wa chai. Mtoto aliyeganda kwa hofu msimhesabu kama aliyekataa kukwepa. Nimewaona wengi. Macho yanatoka, vidole vinaganda kwenye gongo, magoti hayasikii amri. Mpira umefika, mwili haukupata nafasi ya kuamua lolote. Kifungu kimewekwa kwa ajili ya anayeweza kukwepa akaacha. Mpeni besi yake. Ila mtoto wa miaka kumi na saba, msimu wake wa nne, anayesogea mstarini kila mara besi zinapojaa, huyo mwangalieni miguu tangu mpira haujatoka mkononi kwa mrushaji. Macho hayana pazia, na macho ya mwamuzi yana haki ya kukumbuka alichokifanya mpigaji iningi mbili zilizopita.

Kuna mambo madogo nitayapitia haraka, maana kila msimu nayasikia yakisemwa kombo. Eti mkono ulioshika gongo ni sehemu ya gongo. Uongo. Mkono ni mkono, mpira ukiugonga naye hakupiga, ni besi. Akiwa amepiga kweli, gongo limezunguka, mpira ukamgonga yeye, hiyo ni straiki, na kama ni ya tatu ni auti, hata akilia mpaka magharibi. Mpira uliodunda chini kwanza ndipo ukamgusa bado unampa besi. Nguo aliyovaa ni sehemu yake: shati pana la kuazima likiguswa, ameguswa. Mtandio nao ni nguo, msije mkamnyima binti besi kwa sababu mpira umepita kwenye kitambaa tu. Cheni na bangili hazihesabiwi.

Na msiamini sikio peke yake. Tarehe 16 Agosti 1920, New York, Carl Mays wa Yankees alirusha mpira ukampata Ray Chapman wa Cleveland kichwani. Mshindo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Mays alidhani umepiga gongo. Aliuokota ulipoviringika kumrudia, akautupa besi ya kwanza ili apate auti. Wakati huo Chapman alikuwa anaporomoka pale homu. Mwamuzi Tommy Connolly akaita daktari. Chapman alifariki alfajiri iliyofuata, umri wake miaka 29, na katika ligi kuu ya Marekani hajafa mchezaji mwingine kwa kugongwa na mpira uliorushwa. Mpira wa enzi zile uliachwa uchezwe hadi unakuwa mweusi kwa tope na mate ya tumbaku, na jua likianza kuinama mpigaji hauoni. Baada ya kifo kile waamuzi wakaamriwa wabadilishe mpira mara unapochafuka. Kwa hiyo msione ni kazi ndogo ninapowaambia mwe na mipira safi mfukoni. Mpira wetu hapa ukidondoka mara kumi kwenye udongo mwekundu, saa kumi na moja jioni unapotea machoni. Utupeni pembeni. Kocha akisema mipira ni ghali, mwambieni mtoto wake ni ghali zaidi.

Ndiyo maana nawataka mfuate mpangilio huu siku zote. Mpira ukimgusa mtu, mikono miwili juu, pazeni sauti: mpira umekufa! Hilo kwanza, ili mkimbiaji asikimbie na mdakaji asitupe. La pili, nendeni kwa mtoto. Inameni, mwangalieni usoni, muulizeni jina lake na mpira umempata wapi. Akipigwa kichwani, hata helmeti ikiwa nzima, hata akicheka na kusema niko salama mwalimu, hachezi tena siku hiyo. Sheria inaruhusu mchezaji wa akiba aimalizie safari yake besi ya kwanza, hakuna anayedhulumiwa. Kocha akifoka, mwacheni afoke. Huruma yote mliyo nayo imiminieni hapo, kwa mtoto. La tatu ndiyo hukumu, nayo itolewe kwa mlichokiona kabla hajaanguka.

Kuna nyakati mpira wenyewe unasema. Mwaka 1969, tarehe 16 Oktoba, mechi ya tano ya fainali ya Marekani, Mets dhidi ya Baltimore. Iningi ya sita, Frank Robinson wa Baltimore alidai amegongwa. Mwamuzi Lou DiMuro akakataa, akasema mpira uligusa gongo kwanza. Nusu ya pili ya iningi hiyo hiyo, Cleon Jones wa Mets naye akadai mpira umemgusa mguuni. DiMuro hakuona hivyo. Ndipo kocha Gil Hodges akatoka na mpira mkononi, taratibu, akamwonyesha doa jeusi la dawa ya viatu. DiMuro akautazama, akampa Jones besi. Aliyefuata, Donn Clendenon, akapiga homurani, mpira uliovuka uwanja, na Mets wakaondoka na ubingwa siku ile.

Mimi hupenda kufikiria mkono wa DiMuro ukipokea ule mpira. Amekwisha kukataa mara moja, watu elfu kadhaa wamemwona. Angeweza kusema nimekwisha sema. Akaangalia doa. Watoto wetu hapa wanacheza na viatu vyeusi vya shule vilivyopakwa dawa asubuhi kabla ya paredi. Dai likija la mguuni, ombeni mpira kabla haujarudishwa kwa mrushaji. Mkiukuta na doa, badilisheni uamuzi bila aibu. Mkiukuta msafi, urudisheni uchezwe.

La kukusudia nitalisema kwa ufupi. Mrushaji akimlenga mtu makusudi, mna uwezo wa kumtoa, au kuonya timu zote mbili kwamba atakayerudia anatoka yeye na kocha wake. Msisubiri hadi kisasi cha tatu. Lakini kwa watoto, mara nyingi mpira umemponyoka tu, vidole vina jasho. Wajapani, waliotusaidia sana kuuleta mchezo huu nchini, wana desturi ambayo naipenda: mrushaji aliyemgonga mpigaji huvua kofia, kwa heshima, kisha mchezo unaendelea. Nimeanza kuwafundisha warushaji wetu desturi hiyo, na nimeona inavyozima hasira kwenye mabenchi kabla mwamuzi hajafungua mdomo. Mtu wa pwani anajua thamani ya "samahani" iliyotoka mapema.

Basi, chai iko tayari, lakini tutaanza na uwanja. Nimeleta mipira ya tenisi, laini, haimuumizi mtu. Kila mmoja wenu atavaa helmeti, ashike gongo, asimame ndani ya boksi la mpigaji mita 18.44 zile mlizozipima jana, nami nitarusha. Mipira kumi kila mtu. Mingine itapita katikati, mingine itawafuata mbavuni, sitawaambia ipi. Mwenzenu atasimama nyuma na kutoa hukumu, kisha mtabadilishana. Anayetaka kumhukumu mtoto kama alijaribu kukwepa, na aanze yeye kusikia miguu yake inavyofanya. Wewe uliyeuliza mbona karibu hivi, chukua gongo, utakuwa wa kwanza.